Roboti za kupiga mbizi: zinafanyaje kazi, na zinatuhusu vipi sisi wa Kwale?

Kila anayevuka Likoni anaikumbuka Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019. Gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee, likazama na mama na binti yake. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi.

Wengi waliuliza: kivuko kinachovukwa kwa dakika chache, mbona siku zote hizo? Jibu ni kina, giza na mkondo. Mpiga mbizi wa kawaida, kama wale wanaopeleka watalii Diani na Kisite, mwisho wake ni mita 40. Akipita hapo anahitaji mafunzo na vifaa vingine, na kupanda kwake juu lazima kuwe kwa hatua, la sivyo damu yake hujaa viputo vya hewa. Kwa kazi kama hiyo ndipo zilipobuniwa roboti za chini ya maji.

Ni chombo gani?

Ni mtambo usio na mtu ndani. Una taa, kamera, mapangaboi ya kuusukuma, na mara nyingi mkono wa chuma wa kushikia vitu. Mwendeshaji hukaa melini akitazama skrini. Kati yake na roboti pana kebo ndefu inayopeleka amri na kurudisha picha. Kebo ni ya lazima kwa sababu mawimbi ya redio hayasafiri mbali ndani ya maji ya chumvi.

Iko midogo ya kubebwa mkononi, na iko mikubwa kama gari, inayoshushwa kwa winchi hadi maelfu ya mita. Huko shinikizo la maji ni kubwa: kwenye mita 500 ni kama mara 50 ya lile la ufukweni.

Kebo ndiyo nguvu yake na ndiyo udhaifu wake. Mkondo ukiwa mkali huivuta, na ikinasa kwenye mwamba kazi husimama. Kaiko, roboti ya Wajapani iliyofika karibu mita 11,000 mwaka 1995, ilipotea mwaka 2003 baada ya kebo kukatika.

Somo la Tanga

Majirani zetu wa Tanga wana kisa cha kujifunza. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za mijusi wakubwa, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kenya alinaswa na meli ya kukokota nyavu karibu na Malindi mwaka 2001. Miaka michache baadaye wavuvi wa Tanga wakaanza kumpata kwenye majarife ya kina kirefu.

Baada ya wavuvi ndipo wakaja watafiti wa Aquamarine Fukushima kutoka Japani, wakashusha roboti na kumpiga picha akiwa hai majini. Mwaka 2009 Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mvuvi ndiye aliyetangulia kujua. Roboti ilikuja kuonyesha anakoishi.

Na hapa kwetu?

Kutoka Diani hadi Vanga, ukivuka mwamba wa nje, bahari huanza kushuka mamia ya mita. Wavuvi wetu wengi huishia ndani ya mwamba au karibu nao. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ina kituo Shimoni na ina meli ya RV Mtafiti iliyotoka Ubelgiji. Lakini kampuni za mafuta nazo zimetazama kilindi chetu: mwaka 2014 kisima cha Sunbird kilichimbwa nje ya pwani hii ya kusini, mahali penye maji ya mita 700 na zaidi. Uchimbaji wa kina hicho hauendi bila roboti.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unasema mgeni anayetaka kutafiti ndani ya maili 200 za bahari yetu lazima apate idhini ya serikali. Kenya ina haki ya kuwa na wataalamu wake kwenye safari hiyo na kupewa matokeo.

Basi ikionekana meli ya utafiti mbele ya Msambweni, BMU na viongozi wetu wawe na maswali tayari: nani ametoa idhini? Kuna Mkenya melini? Picha zitahifadhiwa wapi, na mvuvi wa Gazi ataonyeshwa lini kilicho chini ya ngalawa yake?