Msemaji wa Wenzake: Mawakili katika Historia ya Tanzania Bara

Neno wakili limeingia katika lugha yetu kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili si mtu wa mahakamani, bali ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe. Hata leo, walii wa bibi arusi asiyeweza kuhudhuria ndoa humweka wakili aseme badala yake. Naanza na jambo hili kwa sababu vijana wetu shuleni walisikiapo neno hilo huona mbele yao joho jeusi, kola nyeupe na ada isiyolipika, wakadhani kwamba kazi ya kumsemea mtu ililetwa na meli pamoja na joho lenyewe.

Haikuwa hivyo. Kwa Wamasai, rika lilimteua laigwanani awe msemaji wake, na aliteuliwa kwa busara na ufasaha wake. Kwa Wasukuma, ugomvi wa mpaka au wa mahari ulifikishwa mbele ya wazee, banamhala, na hapo mtu aliweza kusimama na ndugu zake wakamsaidia kulieleza jambo lake. Hapakuwa na mtu aliyeishi kwa kazi hiyo peke yake, wala hapakuwa na kitabu cha kukariri. Lakini tusijidanganye kwamba kila mtu alisikilizwa sawasawa. Mara nyingi mwanamke alisemewa na baba, kaka au mume, hata kama mume ndiye aliyemdhulumu, na mtumwa wa pwani hakuwa na wa kumsemea.

Wajerumani walipoitawala nchi, mashauri ya Waafrika yaliwekwa mikononi mwa watawala wa wilaya, huku Wazungu wakiwa na mahakama zao mbali. Mtawala alikaa bomani siku ya shauri, akasikiliza, akahukumu, na kiboko kikafuata. Neno letu shauri likawaingia hata wao wenyewe, wakaliandika katika vitabu vyao kwa herufi za Kijerumani. Katika baraza hilo aliyekuwa karibu kabisa na wakili alikuwa mkalimani, naye alikuwa mtumishi wa boma. Neno moja alilolipindua liliweza kumtia mtu gerezani.

Waingereza walikuja na Mahakama Kuu, na mawakili wakaja nayo. Wengi wao walikuwa Wazungu na Wahindi waliofungua ofisi Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya biashara. Lakini mwananchi wa kawaida hakukutana nao, kwa kuwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ilizitenga mahakama hizo na Mahakama Kuu, rufani zikapelekwa kwa watawala mpaka kwa Gavana, na mawakili wakakatazwa kuingia humo. Sababu iliyotolewa ilikuwa na sura njema: mwenyeji asitatanishwe na hila za wanasheria, wala asifilisiwe kwa ada zao. Mimi naona kwamba hofu nyingine ilijificha nyuma ya huruma hiyo. Mkuu wa Wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Shauri, alikuwa ndiye msimamizi wa kodi na ndiye msikilizaji wa rufani. Mtu wa namna hiyo hapendi kuulizwa na mjuzi wa sheria kwamba amepata wapi mamlaka ya kufanya alilolifanya.

Pengo hilo halikukaa wazi. Lilizibwa na mwandishi wa barua, aliyekaa chini ya mti karibu na boma na kalamu yake, akiwaandikia watu malalamiko kwa malipo kidogo. Wengine walikuwa walimu walioacha kazi, wengine makarani waliofukuzwa. Watawala waliwadharau, na kweli wamo waliowala watu fedha zao. Hata hivyo, kwa wengi wasiojua kusoma, huyo ndiye wakili pekee waliyepata kumwona.

Kisha likaja jambo la Wameru. Mwezi Novemba 1951 serikali iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Hapakuwa na mahakama ya wenyeji ambayo ingeweza kuizuia serikali. Moshi palikuwa na wakili mweusi, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet na Seaton wakafika New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mkulima akasimama kuyaeleza madhila ya watu wake, na wakili akawa pembeni yake kumfungulia njia. Huo ndio uwakili wa maana ile ya kale, mtu aliyekabidhiwa jambo na wenziwe akalibeba kuvuka bahari. Hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule, maana katika Baraza Kuu azimio halikupata theluthi mbili ya kura. Lakini Kirilo aliporejea alizunguka nchini akiwasimulia watu, na waliomsikiliza walikuwa miongoni mwa walioipokea TANU ilipozaliwa mwaka 1954.

Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika jarida la Sauti ya TANU. Alitetewa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria, pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri, mawakili wa hapa hapa. Mahakama ilimtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Mwafrika mwenziwe wa kumtetea katika joho hakuwapo mezani pale.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kabla hata ya Uhuru, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi hawakufika ishirini, nao walisomea katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1971 Augustine Saidi akawa Mtanzania wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, na mwaka 1975 Julie Manning, mwanasheria, akawa Waziri wa Sheria.

Hata hivyo, serikali ya wananchi nayo, ilipoziunganisha mahakama kwa sheria ya mwaka 1963, iliuacha mlango wa Mahakama ya Mwanzo ukiwa umefungwa kwa mawakili. Safari hii sababu ilikuwa ya kweli zaidi: mawakili walikuwa haba, na tajiri angemleta wake huku maskini akisimama peke yake.

Nilianza kazi ya ukarani mwaka 1989 katika Mahakama ya Mwanzo moja ya wilayani, nami niliyaona matunda ya katazo lile kwa macho yangu. Alikuja mama mmoja mjane, ameshtakiwa na shemeji yake kwa ajili ya shamba la migomba. Shemeji alikuwa mtu wa mjini. Wakili wake hakuingia ndani, bali alikaa nje katika gari, na kila mapumziko shemeji alitoka akafundishwa la kuuliza. Mama alishindwa. Aliporudi na karatasi yake ya rufani, aliyoandikiwa na mtoto wa shule, siku 30 zilikuwa zimekwisha pita, na hakujua kwamba angeweza kuomba aongezewe muda. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilijua, nami ndiye niliyeipokea karatasi ile na kumrudishia.

Lugha nayo ilikuwa ukuta. Mahakama ya Mwanzo ilisema na kuandika Kiswahili, lakini juu yake kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha A. B. Weston cha istilahi za sheria kwa Kiswahili kilitoka mwaka 1968, lakini ikatubidi kungoja hadi mwaka 2021 ndipo Bunge likatamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huohuo mawakili wakaruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo, pale tu anapokaa Hakimu Mkazi. Kabla ya hapo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikuwa imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa vijijini na mitaani wanaofundishwa kuwaelekeza wenzao bila malipo.

Mwaka jana nilipita katika mji ule. Katika baraza ya ofisi ya kata niliona meza, na binti mmoja msaidizi wa kisheria akimhesabia mzee siku kwa vidole, kutoka tarehe ya hukumu hadi siku ya thelathini. Mzee alikuwa akihesabu pamoja naye kwa sauti.