Biri: jinsi ya kuichagua, kuivuta na kuisafirisha bila hasara

Biri, au sigara kubwa kama wengi wanavyoiita madukani, ni majani ya tumbaku yaliyosokotwa na kuvikwa jani la tumbaku lenyewe, bila karatasi. Haifanani na biri nyembamba za Kihindi, ambazo huvikwa jani la mti mwingine. Biri zinazozungumziwa hapa hutoka zaidi Cuba, Jamhuri ya Dominika, Nicaragua na Honduras, na huingia katika nchi zetu kupitia maduka ya viwanja vya ndege, hoteli kubwa na mizigo ya wafanyabiashara.

Sanduku moja la biri nzuri linaweza kuzidi thamani ya katoni nyingi za sigara za kawaida. Ni bidhaa ndogo kwa ukubwa, ghali kwa bei na dhaifu kwa hali ya hewa. Anayekosea kuinunua, kuihifadhi au kuitangaza mpakani hapati hasara ya mchezo.

SEHEMU TATU ZA BIRI

Biri ina majani ya ndani, jani la kufungia na jani la nje. Majani ya ndani ndiyo yanayotoa nguvu na sehemu kubwa ya ladha. Jani la kufungia huyashika pamoja. Jani la nje ndilo linaloonekana. Huchaguliwa lisiwe na tundu wala mishipa minene, na kwa kawaida ndilo ghali kuliko yote.

Huko Cuba, majani ya ndani hupangwa kwa kufuata mahali yalipoota kwenye mche. Ya chini huitwa volado, ambayo ni mepesi na husaidia biri kuungua vizuri. Ya kati ni seco, yenye harufu nzuri. Ya juu ni ligero, yaliyopata jua jingi na yenye nguvu kuliko mengine. Fundi huyachanganya kwa kipimo maalumu, na hapo ndipo biri moja inapotofautiana na nyingine. Eneo la kilimo lenye sifa zaidi nchini humo ni Vuelta Abajo, katika jimbo la Pinar del Río.

Wakulima wa Tabora na Urambo wanajua tumbaku, lakini ile inayokaushwa kwa moto wa mabani ni ya sigara za kawaida. Tumbaku ya biri hukaushwa kwa hewa ndani ya mabanda, kisha hurundikwa ichachuke hadi ukali wa amonia upungue. Barani Afrika, jani la nje linalojulikana sana katika biashara hii ni la Kameruni, ambalo hulimwa pia Jamhuri ya Afrika ya Kati.

UKUBWA NA RANGI

Unene wa biri hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Biri ya kipimo 64 ina unene wa inchi moja kamili, na ya kipimo 50 ina takriban milimita 20. Vipimo vya Cuba vinavyokutwa mara nyingi ni hivi:

- Petit Corona: urefu milimita 129, kipimo 42
- Corona: urefu milimita 142, kipimo 42
- Robusto: urefu milimita 124, kipimo 50
- Churchill: urefu milimita 178, kipimo 47

Petit Corona huchukua karibu nusu saa. Robusto hukaribia saa moja, na Churchill huizidi. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe ni muda alionao.

Rangi ya jani la nje huanzia claro, iliyo hafifu, kupitia colorado yenye wekundu, hadi maduro na oscuro zilizo nyeusi. Wengi hudhani biri nyeusi ndiyo kali. Si lazima. Jani la maduro limechachushwa kwa muda mrefu zaidi na mara nyingi huwa na utamu. Ukali hutoka zaidi katika majani ya ndani.

KWA ANAYEANZA

Anayeanza achukue biri laini. Nyingi za Jamhuri ya Dominika zenye jani la nje la rangi hafifu ni laini. Za Nicaragua mara nyingi zina nguvu zaidi. Anunue moja moja, asinunue sanduku zima kwa kusikia sifa.

Dukani, biri ibonyezwe taratibu kwa vidole. Iliyo nzuri hujibu kwa ulaini na kurudi mahali pake. Ikilia kama jani kavu, imekauka. Ikibonyea kama sponji, ina maji mengi. Donge gumu katikati ni dalili kwamba moshi hautapita.

Asivute akiwa na njaa. Nikotini ya biri huingia mwilini hata kupitia ngozi ya mdomo, na anayevuta tumbo likiwa tupu huweza kupata kizunguzungu, jasho na kichefuchefu. Hali hiyo ikimpata aiache biri, akae kwenye hewa safi na anywe kitu chenye sukari.

Kichwa cha biri hukatwa kidogo tu, kama milimita 2, kwa kisu kikali cha kazi hiyo. Ukikata chini ya kifuniko cha jani, biri yote hufunguka. Moto uwe wa kiberiti cha gesi au njiti ya mbao, kwani kiberiti cha petroli huacha harufu. Mwisho wa biri uote moto kwanza bila kugusa ndimi, ndipo mvutaji avute huku akiizungusha. Avute mara moja kwa dakika, moshi ubaki mdomoni wala usiingizwe mapafuni. Akiharakisha, biri hupata joto na kuwa chungu. Majivu yaachwe yadondoke yenyewe.

KWA MZOEFU

Mzoefu hufuatilia biri kwa theluthi tatu, kwa sababu ladha hubadilika kadiri inavyoungua na nguvu huongezeka kuelekea mwisho. Hupitisha moshi kidogo puani ili kupata harufu ambayo ulimi hauipati. Wapo pia wanaohifadhi masanduku kwa miaka ili makali yapungue.

JINA MOJA, WATENGENEZAJI WAWILI

Baada ya serikali ya Cuba kutaifisha viwanda mwaka 1960, baadhi ya familia za watengenezaji zilihama na kuendelea na majina yao nje. Ndiyo maana Montecristo, Romeo y Julieta na Partagás zipo za Cuba na zipo za nje ya Cuba. Hata Cohiba, iliyoanzishwa Cuba mwaka 1966, ina jina pacha linalotengenezwa Jamhuri ya Dominika. Zote mbili si bandia, lakini si bidhaa moja. Ankara isiyotaja nchi ya asili ni mwanzo wa ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi.

Marekani iliweka vikwazo vya biashara dhidi ya Cuba mwaka 1962. Wasafiri wake walilegezewa masharti ya kuingiza biri hizo mwaka 2016, kisha wakazuiwa tena mwaka 2020. Mfanyabiashara mwenye mteja wa huko alikumbuke hilo kabla ya kutuma zawadi.

Bandia hasa huiga biri za Cuba. Sanduku halali huwa na muhuri wa kijani wa dhamana, na chini yake huchapwa moto maneno Hecho en Cuba, pamoja na alama za kiwanda na tarehe. Masanduku yenye kifuniko cha kioo, yanayouzwa sana kwa watalii, si ya kampuni ya Cuba. Aidha, biri za sanduku moja zinapaswa kulingana kwa rangi na pete zake kukaa mstari mmoja.

HIFADHI NA USAFIRISHAJI

Biri hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 20. Dar es Salaam na Mombasa zina joto na unyevu mwingi, hivyo adui ni ukungu na dumuzi wa tumbaku, ambaye mayai yake huanguliwa joto linapopanda na kuacha matundu madogo kama ya sindano. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu na jani la nje hupasuka. Mzigo mmoja unaweza kukutana na hali zote mbili katika safari moja.

Kontena lililosimama juani kwenye foleni ya mpaka halifai kwa bidhaa hii. Biri zisafirishwe kwenye mifuko iliyozibwa ndani ya sanduku lisilopitisha joto, mbali na vitunguu, samaki, sabuni na mafuta, kwa kuwa hunyonya harufu. Zikishukiwa kuwa na dumuzi, hufungwa vizuri na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 3, kisha hukaa siku 1 kwenye jokofu la kawaida kabla ya kurudishwa sandukuni.

Sanduku bora la kuhifadhia hutengenezwa kwa mbao za Cedrela odorata, mti uliopandwa pia Tanzania na kusambaa hadi msitu wa Kimboza mkoani Morogoro. Kipima unyevu hujaribiwa kwa chumvi iliyoloweshwa kidogo: vifungiwe pamoja usiku kucha, na kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75.

MPAKANI

Biri huangukia kifungu 2402.10 cha mfumo wa kimataifa wa bidhaa, na hutozwa ushuru wa forodha pamoja na ushuru wa bidhaa. Chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, msafiri aliyetimiza miaka 18 huruhusiwa bila ushuru bidhaa za tumbaku zisizozidi gramu 250 kwa jumla. Robusto moja ina uzito wa karibu gramu 12. Kwa hesabu hiyo biri 20 hupita, lakini sanduku la biri 25, lenye karibu gramu 300, limezidi na lazima litangazwe. Dereva anayeombwa "kubeba sanduku moja tu" ahesabu kwanza, maana kosa huweza kuzuia gari zima.

Anayeingiza kwa ajili ya kuuza amuulize wakala wa forodha kuhusu stempu za ushuru na maonyo ya afya ya nchi anayokwenda. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, inazuia kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 21. Kenya ina sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007, inayopiga marufuku uvutaji hadharani isipokuwa sehemu zilizotengwa.

AFYA

Hakuna biri salama. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Kutomeza moshi hakuondoi hatari ya saratani ya mdomo, koo na umio, na moshi wake huwadhuru waliokaa karibu. Kwa sababu hiyo, kabati la lori lenye utingo ndani yake si mahali pa kuwashia biri, na asiyevuta hana sababu ya kuanza.