Majengo ya Zamani Moshi: Halmashauri Inaweza Kufanya Nini?

Kila jengo la zamani linapozungushiwa mabati mjini, wasikilizaji hutuuliza: manispaa haiwezi kuzuia? Inaweza, lakini si kwa njia ambayo wengi wanaidhania.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa tupige hesabu. Reli kutoka Tanga ilifika hapa 1911, na mji tunaoujua leo, chini ya Old Moshi ya mlimani, ulikua kuizunguka stesheni. Kwa hiyo stesheni yenyewe, maduka ya zamani yenye baraza na jengo la KNCU, ushirika wa kahawa ulioanzishwa 1933, hayalindwi kwa umri wake pekee. Mbele ya sheria bado ni machanga. Ajabu ni kwamba mlango wa mbao ulionakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 una ulinzi wake. Nyumba iliyoubeba mlango huo inaweza isiwe nao.

Kwa majengo ya aina hii zipo njia mbili. Waziri mwenye dhamana anaweza kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu kupitia Gazeti la Serikali. Njia ya pili iko karibu nasi zaidi: halmashauri inaruhusiwa kutunga sheria ndogo za kulinda urithi ulio katika eneo lake. Wananchi hutoa maoni, Baraza la Madiwani hupitisha, kisha waziri wa TAMISEMI huidhinisha. Hata pasipo sheria ndogo, kuna kibali. Anayetaka kujenga upya au kubadili matumizi ya jengo lazima apite kwa mamlaka ya upangaji, na hapo afisa mipango miji anaweza kuweka masharti, kwa mfano ukuta wa mbele ubaki ulivyo.

Ugumu ni fedha. Katika miji mingi ya Marekani, anayekarabati nyumba ya kihistoria hupunguziwa kodi ya jengo. Kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na viwango vyake havipangwi na madiwani. Halmashauri inabaki na mapato yake ya ndani, ambayo tayari yanasubiriwa na madarasa, zahanati na barabara za mitaa. Tusimlaumu diwani haraka.

Tena majengo mengi si mali yake. Stesheni ni ya Shirika la Reli. Ilikaa kimya miaka mingi hadi treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi Desemba 2019. Nyumba zilizotwaliwa na serikali kwa sheria ya 1971 ziliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye zikaenda NHC. Kwa hiyo kazi kubwa ya halmashauri ni kuwakalisha wenye mali meza moja.

Mfano upo Dar es Salaam. Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, lilikarabatiwa kwa ushirikiano wa halmashauri ya jiji, chama cha wasanifu majengo na chuo kikuu kimoja cha Berlin, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Tangu 2017 ni kituo cha urithi wa majengo. Jiji halikutoa kila kitu, lilitoa jengo.

Ukipanda mlimani, mamlaka yanabadilika. Old Moshi, alikonyongwa Mangi Meli na wenzake Machi 2, 1900, haiko chini ya Manispaa bali Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Vivyo hivyo Kibosho na Kilema, kwenye misheni za Kikatoliki za miaka ya 1890. Mwenye hoja kuhusu majengo ya huko aanzie kwa mtendaji wa kijiji na diwani wa kata. Wa mjini aanzie kwa mtendaji wa mtaa, na aende kabla mabati hayajasimama.