Jeki: Kifaa Kilichopewa Jina la Mtu Asiyejulikana

Mwaka 1982, kwenye mji wa Lawrenceville, jimbo la Georgia huko Marekani, kijana mmoja alikuwa anatengeneza gari yake nyumbani kwao. Chevrolet Impala ya mwaka 1964, yaani chuma cha zamani hasa. Akaipandisha kwa jeki, akaingia kazini, na katikati ya kazi gari ikachomoka kwenye jeki ikamlalia. Mama yake akatoka mbio, akashika ubavu wa gari kwa mikono miwili, akainyanyua. Hakuinyanyua mzima mzima kama kwenye muvi. Ni inchi chache tu, lakini akaishikilia hivyo hivyo mpaka majirani wawili wakarudisha jeki na kumvuta dogo nje. Dogo alipona.

Watu wakiisikia stori hii wanasema muujiza. Muujiza upo, ila na hesabu ipo. Ukinyanyua kona moja ya gari, matairi mengine bado yamebeba uzito mwingi, na springi ya kona hiyo inakusaidia kusukuma juu. Bado ni mzigo ambao mtu wa kawaida hauwezi siku ya kawaida. Lakini mama akiona mtoto wake hapumui, siku hiyo siyo ya kawaida tena.

Kwa wale wa Marvel, kaeni mkao wa kula. Mchoraji Jack Kirby, mmoja wa wawili waliomtengeneza Hulk mwaka 1962, aliwahi kusema kwenye mahojiano kwamba wazo la yule jamaa wa kijani alilipata baada ya kumuona mama akinyanyua nyuma ya gari kumtoa mwanae aliyekwama chini yake. Hakumtaja jina. Hulk ameingiza mabilioni ya dola kwenye sinema, na mwanamke aliyemzaa kichwani mwa Kirby amebaki kuwa "mama fulani". Halafu cheki hii: hata huyo Kirby hakuzaliwa Jack. Wazazi wake walimpa jina la Jacob Kurtzberg. Jack alijipa mwenyewe.

Na hilo jina Jack ndilo lenye stori yote.

Zamani Uingereza, Jack lilikuwa jina la kila mtu na la hakuna mtu. Lilitoka kwenye John, na kwa kuwa akina John walikuwa wengi kupita kiasi, likageuka kuwa namna ya kumuita kijana yeyote wa kazi ambaye hakuna aliyejisumbua kumuuliza anaitwa nani. Ni kama bosi wa leo anavyopaza sauti "we dogo, njoo hapa!" Basi kila kilipotokea kifaa cha kufanya kazi ya dogo, kikapewa jina la dogo. Kulikuwa na mtoto wa jikoni kazi yake kuzungusha nyama juu ya moto masaa na masaa. Ilipokuja mashine ya kuizungusha ikaitwa jack. Kulikuwa na kijana wa kumvua bosi mabuti. Kilipokuja kibao cha kuvulia mabuti nacho kikaitwa jack. Na kile chuma cha kunyanyulia mizigo, kilichochukua nafasi ya vijana kadhaa wenye mabega, kikaitwa hivyo hivyo. Magari yalipofika huku kwetu jina likaja nayo, Waswahili wakaliongezea irabu mwishoni, likawa jeki. Leo mtu akikusaidia mtaji tunasema amekupiga jeki.

Kifaa chenyewe ni cha zamani kuliko gari kwa mbali sana. Kwenye karne ya 13 huko Ufaransa, jamaa anayeitwa Villard de Honnecourt alichora kwenye daftari lake mashine ya skrubu kubwa ya kunyanyulia vitu vizito. Baadaye Leonardo da Vinci naye akachora ya kwake, yenye meno na gia, inayofanana kiasi na jeki ambazo bado zipo kwenye malori. Wachoraji tunawajua. Mafundi waliozifua na vibarua waliozungusha mkono wa ile skrubu hawamo kwenye daftari lolote.

Hapo ndipo wahunzi wa Marekani wanapofurahisha. Karne ya 18 na ya 19 mizigo ya kule ilikuwa inabebwa na mikokoteni mikubwa ya farasi, na ekseli za mikokoteni hiyo zilihitaji kupakwa mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na lami ya mti. Ili upake lazima utoe gurudumu, na ili utoe gurudumu lazima unyanyue mkokoteni. Kwa hiyo kila dereva alikuwa na jeki yake ya mbao na chuma. Nyingi bado zipo kwenye makumbusho, na ukiziangalia unakuta zimegongwa mwaka na herufi mbili za mwanzo za jina. Herufi mbili tu.

Sasa twende kwenye jeki ya mafuta, ile fupi nene kama chupa, maana hii ndiyo inayoua watu kwa imani potofu.

Msingi wake ni wa Blaise Pascal, Mfaransa aliyekufa mwaka 1662 akiwa na miaka 39. Aligundua kwamba ukikandamiza maji yaliyofungiwa, mgandamizo unasambaa sawa sawa kila upande. Maana yake, ukisukuma pistoni ndogo upande huu, na upande wa pili kuna pistoni yenye eneo kubwa mara 50, nguvu yako inatoka mara 50. Ila hakuna cha bure: ile kubwa inapanda mara 50 kidogo kuliko ulivyosukuma. Ndiyo maana unapiga pampu mpaka kwapa linalowa na gari imepanda kidole kimoja.

Kutoka kwenye wazo mpaka kwenye mashine ya kazi ilichukua zaidi ya miaka mia. Mwaka 1795 fundi makufuli wa London, Joseph Bramah, alisajili mashine ya kukandamiza inayotumia maji. Kesi ikawa ni kuvuja. Ukitia mgandamizo mkubwa, maji yanatafuta upenyo pembeni ya pistoni na kutoka. Kilichotatua ni kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe, ambacho maji yakisukuma zaidi ndivyo nacho kinavyozidi kubana. Kipande hicho wengi wanamtaja kijana wa karakana ya Bramah, Henry Maudslay, kuwa ndiye aliyekifikiria. Kijana huyo alikuwa analipwa shilingi 30 za Kiingereza kwa wiki. Akaomba aongezewe, akanyimwa, akabeba vitu vyake mwaka 1797 akaenda kufungua karakana ya kwake, na akaja kuwa mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa nchi ile. Bosi ambaye hajawahi kujuta kwa mtindo huo bado hajazaliwa.

Mwaka 1851, huko New York, fundi mwenye asili ya Scotland aitwaye Richard Dudgeon akasajili jeki ya mafuta ya kubebeka, na kuanzia hapo mtu mmoja akawa na uwezo wa kunyanyua mzigo wa tani nyingi peke yake. Lakini ule mpira au ngozi ya kuzuia kuvuja bado ndio roho ya mashine. Ukizeeka, ukikauka, ukichubuka na mchanga, mafuta yanapita. Jeki inashuka taratibu bila kelele, au inashuka yote kwa mpigo. Kwa macho huwezi kujua ni lini.

Magari ya kwanza yenyewe yalikuwa mateso. Gurudumu halitoki, ukipata pancha unabandua tairi pale pale barabarani. Mwaka 1904 wauza vyuma wa mji wa Llanelli, Wales, duka lao likiwa mtaa wa Stepney, walianza kuuza gurudumu la akiba la kufunga juu ya lile bovu. Likauzika duniani kote, na mpaka leo Wahindi wanaita spea tairi "stepney" na Wabrazil wanaita "estepe". Waswahili tulibaki na spea tairi, halafu tukalipa neno hilo kazi nyingine ambayo wenye wapenzi wawili wanaijua vizuri.

Huku kwetu, historia ya jeki ni historia ya tandiboi. Jina lenyewe ni lile lile la mtu asiye na jina: kijana wa kuzungusha, kwa sababu lori za zamani ziliwashwa kwa kuzungusha chuma mbele ya injini. Lori zilipoanza kuwashwa kwa ufunguo, tandiboi hakuondoka. Alibaki na pancha, na jeki, na jiwe.

Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na Zambia ikajikuta inapoteza njia yake ya mafuta ya kusini. Mafuta yakaanza kupita Dar es Salaam, mapipa kwa mapipa juu ya malori, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya kuzimu, na hawakutia chumvi. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikaja miaka ya 70. Kabla ya hapo, kila lori lililokwama kwenye mlima au porini lilikuwa na kijana mmoja aliyeingia uvunguni. Jeki kwenye tope haipandishi gari, inajizamisha yenyewe, kwa hiyo anaweka ubao chini. Lori kwenye mteremko halishikwi na breki pekee, kwa hiyo anaruka chini kabla halijasimama vizuri na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Vitabu vinaorodhesha tani zilizofika Zambia. Vijana wa jiwe hawakuorodheshwa.

Leo jiwe limehamia mjini. Kijana amenunua IST yake ya mkopo, gereji wametaja bei ya kubadilisha breki pedi, akacheki video moja ya dakika nne, akasema mbona rahisi. Na kweli pedi ni rahisi. Kinachoua siyo pedi.

Kinachoua ni mambo ambayo tandiboi wa mwaka 1966 alikuwa anayajua bila video. Mfano handbreki. Kwenye IST, Vitz, Passo na ndugu zao, handbreki inakamata matairi ya nyuma tu. Ukipandisha nyuma, breki yote iko hewani na gari imebaki kwenye gia. Basi mtu anasema ataweka P. P inafunga upande wa mbele, sawa, ila ukipandisha tairi moja ya mbele, lile lililo hewani linaweza kuzunguka kinyume na kuliruhusu lile la chini liviringike. Gari inasogea sentimita chache, jeki inalala, basi. Jiwe au kabari kwenye matairi yanayobaki chini, mbele na nyuma ya tairi, ndiyo breki ambayo haina masharti.

Nati nazo zinalegezwa kidogo tairi likiwa bado chini, maana ukianza kuvutana na nati iliyokaza gari ikiwa juu, wewe mwenyewe ndiye unayeisukuma iangukie upande wako. Jeki inakaa pale kampuni ilipoweka alama, pembeni chini ya mlango, siyo popote panapoonekana pagumu.

Halafu tofali. Kila mtaa una gari imekaa juu ya tofali la bloki. Tofali lina nguvu likiwa ukutani, uzito umesambaa. Likichomwa na chuma sehemu moja linapasuka, tena ghafla. Mbao haifanyi hivyo. Gogo nene lililolazwa linalia na kubonyea kwanza, linakupa sekunde ya kutoka.

Na gari ikikulalia kifuani usitegemee kupiga kelele. Kifua kikibanwa hakitanuki, hewa haiingii, sauti haitoki. Watu wa ndani wanaendelea na tamthilia yao. Kijana wa Lawrenceville alikuwa na bahati ya mama aliyekuwa karibu.

Kwa hiyo dunia ikaja na stendi, vile vyuma vya miguu mitatu au minne vinavyobeba gari baada ya jeki kumaliza kazi yake. Jeki ni ya kupandisha, stendi ni ya kushikilia. Unashusha gari mpaka iketi juu yake, unaitikisa kwa mkono kabla mwili haujaingia chini. Ni sahihi kabisa, na bado haijamaliza stori: mwaka 2020 huko Marekani duka moja kubwa la vifaa lilirudisha stendi zaidi ya milioni 1.7 kwa sababu jino la kuzuia lilikuwa linaweza kuchomoka meno yake gari ikiwa juu. Mashine za kiwandani zilikuwa zimechakaa, vipimo vikapotea. Wateja wakaambiwa watumie hela waliyorudishiwa kununua nyingine. Miezi michache baadaye baadhi ya hizo nyingine nazo zikarudishwa, zamu hii kwa kuchomelewa vibaya.

Ndiyo maana mafundi wakongwe wakishavua tairi hawaliegeshi ukutani. Wanalilaza chini ya gari, pembeni ya stendi, chini ya sehemu ngumu ya bodi. Jeki ikigoma na stendi ikigoma, gari inaangukia tairi, na kati yake na sakafu panabaki nafasi ya kifua cha mtu.