Mwalimu Huihama Shule au Humhama Mwalimu Mkuu?

Kijana wetu wa Kwale au Lamu akiajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, anaweza kupangiwa kituo popote nchini. Anaweza kujikuta Myanga, kaunti ya Bungoma, kwenye barabara iendayo Malaba, kama walimu wa Bungoma wanavyofundisha huku kwetu pwani. Kuajiri, kuhamisha na kupandisha cheo ni kazi ya TSC kwa kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010. Lakini kama ataipenda kazi, au ataomba uhamisho mapema, nasema hilo liko zaidi mikononi mwa mwalimu mkuu atakayemkuta.

Wataalamu hutaja mitindo mitatu ya uongozi. Wa kwanza ni wa amri: mkubwa husema, wadogo hutii. Wa pili ni wa mashauriano: walimu husikizwa kabla ya uamuzi. Wa tatu ni wa kuachilia: kila mtu na lwake.

Mitindo hii ilipimwa Marekani na Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, waliochapisha utafiti wao mwaka 1939. Waliwaweka wavulana katika vikundi vya kazi za mikono chini ya viongozi tofauti. Chini ya kiongozi wa amri kazi ilifanyika, lakini akitoka tu, ililegea. Chini ya kiongozi wa mashauriano, wavulana waliendelea hata asipokuwepo. Nani hajaiona shule ambayo gari la mwalimu mkuu likitoka langoni, na masomo nayo yametoka?

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walieleza jambo jingine. Mshahara duni na usimamizi mbaya humchukiza mtu kazi, lakini kinachompa raha ya kazi ni kutambuliwa, kupewa dhamana na kuona matunda ya jasho lake.

Basi tutazame yaliyo mezani kwa mwalimu mkuu. Ratiba ni yake: mwalimu Muislamu akiomba asipangiwe kipindi Ijumaa adhuhuri, jibu halitoki Nairobi. Ruhusa ya kwenda kumuuguza mzazi huanzia kwake. Tathmini ya utendakazi, ile TPAD, hupitia shuleni. Ikitumika kumwelekeza mwalimu, humjenga. Ikigeuzwa fimbo, walimu hujaza fomu kwa hofu, na darasani hakuna linalobadilika. Hata pongezi mbele ya wenzake ni zake kutoa, nazo hazina gharama.

Sisemi amri haina mahali pake. Moto ukizuka bwenini, hakuna kuitisha mkutano. Wala mashauriano si ulegevu: mwalimu mkuu husikiza, kisha huamua na kubeba lawama. Mtindo wa kuachilia ndio hatari iliyojificha, kwa sababu hauna kelele. Mwalimu mwenye bidii huchoka kubeba mzigo wa wavivu.

Kwa hivyo wazazi na bodi za usimamizi, kuanzia Myanga hadi Msambweni, wasiulize alama za mtihani peke yake. Waulize pia: ni walimu wangapi wameomba kuondoka mwaka huu, na kwa nini? Anayeumia mwalimu akihama katikati ya mwaka ni mtoto wa darasa la mtihani. Nahodha hujulikana kwa mabaharia wanaokubali kusafiri naye tena.