Likizo ya Mtumishi wa Serikali: Ilikotoka na Ilivyopatikana



Kila mwaka wanachama walio katika kazi ya serikali, ama watoto wao, humwendea katibu na maswali yaleyale: likizo ni siku ngapi, mgonjwa hulipwa mpaka lini, na je, mtu aweza kufutwa kazi akiwa kitandani. Kanuni za leo zapatikana katika ofisi yoyote. Lakini habari ya namna zilivyopatikana haiandikwi mahali pengi, na wale walioiona kwa macho yao wapungua mwaka hata mwaka. Kwa hiyo tumeona yafaa kuiweka katika taarifa hii.

Wazee wetu hawakusema likizo. Wengi walisema livu, neno walilolichukua kinywani mwa mkubwa wa ofisi, na wengine walisema ruhusa tu. Neno hilo la pili lilikuwa la kweli zaidi kwa siku zile, maana ruhusa huombwa, na aombwaye aweza kukataa.

Asili ya likizo ndefu katika makoloni ilikuwa ni tiba. Serikali ya Kiingereza ilipoanza kuitawala nchi hii mwaka 1895, madaktari wao waliamini kwamba mwili wa Mzungu hauwezi kustahimili jua la Afrika kwa muda mrefu. Walisema mionzi ya jua hupenya utosini na kando ya uti wa mgongo, ikachosha mishipa ya fahamu na kuharibu akili. Ndiyo sababu walivaa kofia zile nene, na wengine walishona kitambaa cha ziada mgongoni. Basi kila afisa alipomaliza muda wake wa kazi alipanda meli Mombasa, akapita Suez mpaka kwao, akakaa miezi kadhaa huku mshahara ukiendelea, ili damu yake ipoe. Hatusemi hofu yao yote ilikuwa ya bure. Homa ya malaria na ile ya kukojoa damu ziliua wengi miongoni mwao. Lakini mbu hakuchagua. Kijana aliyetoka nyanda za juu akapelekwa kufanya kazi pwani alikuwa mgeni wa malaria sawasawa na Mzungu, naye alikufa kwayo. Hakuna aliyemwandikia safari ya kwenda kupoa. Ilidhaniwa kwamba Mwafrika yuko kwao popote alipo, na aliye kwao hahitaji kupumzika. Makarani wa Kihindi walisimama katikati: walikuwa na likizo ya kuvuka bahari kwenda kwao, kwa masharti yaliyo chini ya yale ya Wazungu.

Kwa mfanyakazi wa kawaida sheria ilisema habari za kukosekana kazini kuliko habari za kupumzika. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai, na mtu aliweza kutozwa faini au kufungwa. Kipande kilipoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza, mtoro aliweza kufuatwa mpaka mlangoni kwa mama yake. Huko mashambani kulikuwa na tikiti ya siku 30. Siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama, na siku ya ugonjwa iliachwa wazi. Mtu hakulipwa mpaka alama 30 zitimie, na mwenye homa ya wiki moja aliiona wiki hiyo katika karatasi yake kama jino lililong'oka. Ni kweli sheria ilimtaka mwajiri ampe mgonjwa dawa. Lakini dawa si mshahara.

Karani Mwafrika wa serikali alikuwa na hali bora kuliko hiyo. Alikuwa na siku chache za likizo kwa mwaka, na daktari wa serikali aliweza kumwandikia cheti. Lakini yafaa tukumbuke likizo hiyo ilitumika kwa nini. Mshahara ulikadiriwa kwa mtu asiye na mke. Chumba kilikuwa cha kitanda kimoja, au kitanda kimoja ndani ya chumba cha watu wengi. Mke na watoto walibaki nyumbani wakilima. Basi siku za likizo ndizo zilizokuwa siku za kuwa baba. Ndani yake mtu alipaswa kulima, kuezeka paa, kumaliza kesi ya mpaka wa shamba, kupeleka mahari na kuketi katika matanga ya waliokufa tangu alipoondoka. Aliyetoka Nairobi kwenda Nyanza alipita usiku mzima katika gari la moshi, kisha akaanza kutembea. Wengi walirudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilikubali kwamba mshahara wa mseja hautoshi, na kwamba mfanyakazi alipwe kiasi cha kumwezesha kukaa na jamaa yake. Twaona kamati ile inastahili kutajwa katika habari za likizo pia, maana mtu anayelala na watoto wake kila usiku hana haja ya kuiba siku ili awaone.

Mabadiliko hayakuja kwa hisani tu. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa maelfu, na bandari ikasimama. Katika ofisi, watumishi wa serikali walikuwa na vyama vitatu, cha Wazungu, cha Waasia na cha Waafrika, na kila kimoja kilipeleka barua zake. Tume ya Bwana Maurice Holmes ilishauri mwaka 1948 kwamba Mwafrika apate sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu, ingawa kazi ni moja. Uamuzi huo uliwachoma makarani wa Kiafrika kuliko jambo jingine lolote. Miaka sita baadaye, mwaka 1954, Tume ya Bwana David Lidbury ilishauri ngazi moja ya mishahara kwa watu wote, na nyongeza kwa wale walioletwa kutoka ng'ambo. Hapo ndipo hoja ilipogeuka: tofauti haikuwa tena ya rangi kwa jina, bali ya mahali mtu alikoajiriwa, na likizo ya kuvuka bahari ikabaki na wale wa ng'ambo. Katika halmashauri ya jiji la Nairobi, Tom Mboya, aliyeajiriwa mwaka 1951 kuwa mkaguzi wa afya, aligeuza chama cha watumishi kuwa chama cha wafanyakazi kamili. Na akiwa Waziri wa Kazi mwaka 1962 alisimamia Mkataba wa Uhusiano Kazini baina ya serikali, waajiri na wafanyakazi.

Habari ya ugonjwa yataka maneno zaidi. Sheria ya fidia iliyoanza kutumika mwaka 1949 ilimtazama aliyeumia kazini, si aliyeugua. Na ugonjwa uliowatesa watu wa mjini ulikuwa kifua kikuu, ambacho hupenda vyumba vilivyojaa watu. Katika miaka ya 1950 na 1960 matibabu yake yalichukua mwaka mmoja au zaidi. Ni likizo gani ya ugonjwa ingetosha? Siku za mshahara kamili zikiisha huja nusu mshahara, kisha bodi ya madaktari, kisha barua ya kustaafishwa. Hapo ndipo vyama vya kusaidiana kama hiki vilipopata kazi yake: nauli ya mgonjwa kurudi kwao, chakula cha watoto wake, na mara nyingi sanduku. Ni katika Afrika Mashariki hii, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo majaribio ya madaktari yalionyesha kwamba kifua kikuu chaweza kuponywa kwa dawa za miezi sita. Leo mgonjwa wa kawaida anayemeza dawa barabara kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache, na wengi huweza kurudi kazini kabla ya kumaliza.

Baada ya Uhuru likizo ya meli ilikwisha pamoja na wenyewe. Sheria ya Kazi ya mwaka 1976 ilimpa kila mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Mama aliyejifungua alipata miezi miwili, lakini alipoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kunyonyesha ni kupumzika. Mwaka 1979 Kenya iliridhia mapatano ya kimataifa ya mwaka 1970 juu ya likizo zenye malipo. Mwaka uliofuata chama cha watumishi wa serikali kilipigwa marufuku, na vyama vikubwa vya makabila vikavunjwa. Watumishi wakakaa miaka ishirini na moja bila sauti yao wenyewe, mpaka chama kiliporudishwa mwaka 2001.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ndiyo itumikayo sasa. Siku 21 zimebaki. Mama hupata miezi mitatu bila kupoteza likizo yake, na baba wiki mbili. Aliyekwisha fanya kazi miezi miwili mfululizo akiugua hupata angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na kanuni za utumishi wa umma huzidisha. Basi mtumishi wa serikali asikubali kuambiwa kwamba siku kumi na nne ndizo mwisho wake kabla hajasoma kanuni zake mwenyewe. Ampashe mkubwa wake habari mapema, na alete cheti cha daktari aliyesajiliwa.

Mzee yeyote aliyehifadhi barua ya livu, cheti cha daktari au waranti ya gari la moshi ya siku zile twamwomba amwonyeshe katibu. Itanakiliwa, naye atarudishiwa karatasi yake siku hiyohiyo.