Uchapaji wa Ofseti na Maji ya Njoro

Utamaduni wa taifa unapozungumzwa, hutajwa ngoma, mashairi, michongo na lugha. Ni nadra mtambo kutajwa. Hata hivyo, mashairi yaliyosomwa katika *Mambo Leo* tangu mwaka 1923 hayakuruka yenyewe kutoka kinywani mwa mtunzi mpaka machoni mwa msomaji; yalipita mikononi mwa mafundi wa chapa, ambao majina yao hatuyajui. Katika makala haya twautazama mtambo mmoja, yaani mtambo wa ofseti: umetupatia nini, na unaacha nini nyuma yake. Nasi twautazama tukiwa Njoro, katika mji wa Moshi, kwa sababu hapo jambo la pili haliwezi kufichika.

Uchapaji ulianza kwetu kwa herufi za risasi. Misheni ziliutumia mapema huko Unguja na Magila, na baadaye Vuga, Peramiho na Ndanda. Serikali ya Kijerumani ilitoa gazeti la *Kiongozi* huko Tanga kuanzia mwaka 1904. Kilimanjaro, ambako wamisioni wa Leipzig walifika mwaka 1893, haikubaki nyuma katika mapenzi ya maandishi: Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, *Komkya*, katika miaka ya 1950, na kiwanda cha uchapaji cha Kilutheri cha Moshi kimechapa vitabu vingi vya dini na vya elimu.

Kazi ya risasi ilikuwa ya heshima, lakini ilikuwa ngumu. Mpangaji aliokota herufi moja moja, akazipanga zikitazama kinyume, mstari baada ya mstari. Palipokuwa na mtambo wa kusubu herufi, risasi iliyeyushwa humo humo chumbani pamoja na bati na antimoni. Risasi ni sumu ya damu na ya neva, nayo huingia mwilini kwa mvuke na kwa vumbi la mikononi. Picha nayo ilikuwa anasa, maana kila moja ilidai kibao chake cha kuchongwa.

Ofseti ilizaliwa kutokana na jambo analolijua kila mpishi: mafuta na maji hayapatani. Mwaka 1796 Mjerumani Alois Senefelder aligundua kwamba mtu akiandika kwa kitu cha mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha akalilowesha jiwe, wino utashika penye maandishi na kukataa penye maji. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, yapata mwaka 1904, Mmarekani Ira Rubel aliona kwamba karatasi ilipokosa kupita mtamboni, chapa ilibaki juu ya mpira wa silinda, na karatasi iliyofuata ikapokea kutoka kwenye mpira ule chapa safi kuliko ile ya kawaida. Siku hizi jiwe limekuwa bamba jembamba la alumini. Bamba hulipa mpira, na mpira huilipa karatasi. Kanuni ni ile ile.

Faida yake kwa nchi yetu yaonekana tukikumbuka wakati ilipohitajiwa. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1975 walikuwa 39. Mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma husahau upesi. Ndiyo maana gazeti la *Elimu Haina Mwisho* lilianzishwa Kanda ya Ziwa mwaka 1974, na ndiyo maana kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilidai vitabu vingi, kwa muda mfupi, kwa lugha nyepesi na kwa picha. Kwa kazi kama hizo ofseti haina mpinzani: picha na maneno huingia katika bamba moja, na kadiri nakala zinavyozidi ndivyo bei ya kila nakala inavyoshuka. Sisi tuliozoea mashine za stensili za ofisini, zilizotutia wino mpaka viwikoni, twaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa.

Sasa tuje kwenye maji. Neno Njoro, kwa asili yake ya Kimaasai, ni chemchemi. Maji yaliyonywewa na misitu na udongo wa mlima hutokeza tena huku chini, na Mto Njoro huyachukua kuelekea kusini. Huko Mabogini mto huo hulisha mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ambao ulifanya nyanda hizo zijulikane kwa mpunga. Mabogini pia ndiko yaliko mabwawa ya majitaka ya mji, na baadhi ya wakulima huyatumia mashambani maji yatokayo humo. Basi kinachomwagwa mjini hakipotei. Chashuka kwenda kwa mtu anayelima.

Mchapaji anamwaga nini? Kuna dawa ya kuoshea bamba, ambayo ni kali kama magadi. Kuna dawa ya filamu, yenye fedha ndani yake, ingawa viwanda vikubwa vimeiacha filamu na sasa hutoa bamba moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Kuna maji ya kulowesha bamba, yanayotiwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga, ambayo haina madhara, na alkoholi, ambayo hupaa na kuvutwa na pumzi za mafundi. Kuna mafuta ya taa au petroli ya kusafishia mpira. Halafu kuna wino wenyewe: rangi ya buluu itumikayo zaidi ina shaba. Jua na mwani wa mabwawani huweza kuvunja uchafu wa chooni, lakini madini hayavunjiki. Hutuama katika tope au husafiri.

Tuwe waadilifu. Viwanda vya chapa vya Moshi si vikubwa, na vingi ni chumba kimoja kinachochapa kalenda, risiti na kadi za arusi. Bamba lililokwisha kazi huuzwa pamoja na vyuma chakavu, na hilo ni jema. Hatudai kwamba wachapaji ndio wachafuzi wakuu wa mji. Gereji pekee zatosha kuwashinda. Wala hatutamani kurudi kwenye risasi. Lakini ndoo moja ya dawa kila juma, katika vyumba vingi, kwa miaka mingi, si ndoo moja.

Karatasi nayo ina habari yake. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985 kwa misonobari ya Sao Hill, na matumaini yalikuwa kwamba nchi ingejitosheleza. Mpaka leo karatasi nyeupe ya vitabu kwa sehemu kubwa hutoka ng'ambo, kwa hiyo msitu unaokatwa kwa ajili ya kitabu chetu huwa mbali na macho yetu.

Wachagga walikuwa na sheria ya maji kabla ya Serikali yoyote kuandika moja. Mfereji wa asili, uitwao mfongo, ulikuwa na wenyewe, zamu zake na siku zake za kufukuliwa kwa pamoja. Aliye juu hakuwa na haki ya kumsahau aliye chini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ina shabaha hiyo hiyo, ila haina mzee wa mfongo wa kupita kila asubuhi. Mwenye chumba kimoja cha chapa hawezi kujijengea mtambo wa kusafishia maji. Anaweza kuweka pipa lenye kifuniko, na Manispaa ikapitisha gari la kuyakusanya mapipa hayo. Gharama itaingia katika bei ya kitabu, nayo itakuwa ndogo. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa kazi za chapa, hasa vitabu vya shule, na katika kila zabuni humwuliza mchapaji bei, siku na ubora wa karatasi. Yafaa imwulize pia dawa yake ya bamba humwagwa wapi.